Mguu wa Upande wa Chini

Mguu wa kwanza Bakiri aliukuta Jumamosi alasiri, umetundikwa kwenye nguzo ya lango kama koti la mgeni. Ulikuwa mguu wa nyuma wa swala pala, una ngozi yake na kwato zake, mbichi kabisa, na juu kidogo ya kwato mtu alikuwa amefunga kishada cha nyasi. Bakiri alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka doria ya uzio wa nyuma, vumbi la Julai limemjaa hadi kwenye nyusi. Akautazama mguu, akatazama barabara, akautazama mguu tena. Barabarani hapakuwa na mtu wala gari.

Mwingine angesema leo Mungu kaleta kitoweo. Bakiri si mwingine. Bakiri ni mtu wa Tanga aliyekaa Johannesburg miaka tisa, na katika miaka hiyo yote jiji lile halikuwahi kumpa cha bure ambacho hakikuwa na ndoana ndani yake. Aliwahi kuibiwa simu na mtu aliyemwuliza saa. Aliwahi kupangishwa chumba na mtu ambaye nyumba haikuwa yake. Kwa hiyo alipouona mguu ule, kilichomjia kichwani si mchuzi. Kilichomjia ni Joël.

Joël ndiye aliyelinda lango hilo kabla yake, Mkongo mpole, mlokole, mtu wa kuimba kwaya. Mwaka jana mwenye shamba alikuta nyama ya swala inachemka kwenye sufuria ya Joël, akamwuliza imetoka wapi. Joël akasema ameikuta langoni imetundikwa. Nani angeamini maneno hayo? Jua halijazama, Joël yuko barabarani na begi lake, anatafuta teksi ya kurudi mjini.

Na sasa mguu huu hapa, umetundikwa pale pale. Bakiri akaona kuna mambo mawili tu yanayowezekana. Ama ni majangili wanataka kumpaka mafuta ili awafumbie macho, ama ni mwenye shamba mwenyewe anamtega aone atafanya nini. Akiula, amekwisha. Akiupeleka kwa mwenye shamba, ataulizwa kwa nini majangili wanamletea yeye zawadi. Na hata kama pasingekuwa na mtego, hiyo ni nyama ambayo hajui imekufaje wala kwa jina la nani. Kwake yeye ni nyamafu. Akauvua kwenye nguzo kwa mfuko wa plastiki, akachukua koleo, akaenda kuuzika nyuma ya tangi la maji. Kisha akafagia nyayo zake kwa tawi, kama kwamba yeye ndiye mwizi.

Kilichomtia hofu hasa ni nyumba. Ndani ya shamba, hatua chache kutoka langoni, kulikuwa na nyumba ya mlinzi, vyumba viwili na jiko, bati jipya, maji ndani. Mwenye shamba alimwahidi kwamba mwisho wa mwezi, akimaliza muda wake wa majaribio bila doa, nyumba ni yake, na mkewe aje wakae wote. Zabibu alikuwa Tanga akilala kwenye chumba cha uani kwa kaka yake, kila siku akihesabiwa vijiko na wifi yake. Aliposikia habari ya nyumba, aligawa kuku wake, akafunga sanduku, akasema kwenye simu: "Safari hii siji kutembea, Baba Mwanahawa. Nakuja kukaa." Bakiri hakuwa na ubavu wa kumpigia tena amwambie fungua sanduku.

Shamba lenyewe liko nje kidogo ya jiji, unapita Randburg unakwenda kaskazini magharibi mpaka maduka yanakwisha na unaanza kuona mbuni nyuma ya nyaya. Ukitazama ramani yake ni ubao wa drafti. Kitalu kimoja cha serikali, cha pili cha mwenye shamba, mama aitwaye Mma Masemola, cha tatu cha serikali, cha nne cha Mma Masemola, hivyo hivyo mpaka kilimani. Kwenye vitalu vya serikali watu wenye kibali wanaruhusiwa kuwinda msimu wa baridi. Kwenye vitalu vya Mma Masemola hata panya haruhusiwi kupigwa jiwe, maana wanyama wake ni wa kutazamwa na wageni na kupigwa picha na maharusi. Na swala, Mungu awasamehe, hawajui kusoma ramani. Uzio kati ya vitalu ni ule wa zamani wa kuzuia ng'ombe, nyaya tano zilizolegea, na swala anauruka huku anatafuna.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye pembe. Kitalu cha serikali kinagusana na kitalu kingine cha serikali kwenye ncha tu, palipochomekwa chuma. Mwindaji akitaka kutoka huku kwenda kule inabidi aruke juu ya chuma kile, mguu mmoja ardhi ya serikali, wa pili ardhi ya serikali, na mabega yakipita kwenye hewa ya Mma Masemola. Chama cha wawindaji kinasema ni halali. Mma Masemola anasema hewa ile ameilipia. Ofisi inayohusika ilisema itajibu, na mpaka leo inajibu.

Mma Masemola hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa Kipedi, mrefu, mwenye ofisi ya uhasibu Randburg, aliyenunua ardhi ile kwa jasho lake na akaona majirani wakimtazama kama mpita njia. Kwa hiyo naye akajifunza kuwatazama watu wote hivyo hivyo. Jumatatu ile alikuja langoni na gari lake, akashusha kioo.

"Abuti Bakiri," akasema, akimwita kaka kwa Kipedi, kisha akaingia Kiingereza chake cha taratibu. "Nimeona damu upande wangu wa uzio. Mtu anaingia kwangu."

"Mimi sijaona mtu, Mma."

"Ndiyo hilo linalonisumbua. Mtu anayeingia, mara nyingi kuna anayemruhusu."

Akapandisha kioo akaondoka. Bakiri alibaki amesimama, akilitazama tangi la maji na kisha akijizuia kulitazama, asije akaonekana anatazama.

Mguu wa pili ulikuja wiki mbili baadaye, Jumamosi tena, saa ile ile ambayo yeye yuko mbali kwenye doria. Safari hii nyasi zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa kitambaa, bitana ya zambarau, ile laini inayotiwa ndani ya makoti. Bakiri aliushika utepe ule akautazama sana. Aliuzika mguu, lakini utepe akautia mfukoni.

Siku yake ya mapumziko alirudi mjini, mtaa wa Bertrams, kwenye nyumba ya uani alikokuwa bado ana chumba. Ng'ambo ya ua alikaa Firmin, fundi cherehani kutoka Mitwaba, Katanga, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Walikuwa wamekaa ua mmoja muda mrefu na hawakuwahi kukosana. Bakiri alimwita Fundi. Firmin, kwa heshima ya Kikongo, alimwita Vieux, yaani Mzee, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Bakiri alichukua suruali ambayo haikuwa na shida yoyote, akaenda kuikunjisha.

Alipoingia, mazungumzo yalikatika. Firmin alikuwa na futi shingoni. Mbele yake, mikono imeinuliwa, anapimwa kifua, alikuwa amesimama Joël. Joël yule yule wa langoni. Na mezani, jora zima, ilikuwa imelala bitana ya zambarau.

Bakiri akaugusa utepe mfukoni. Akasalimia, akakaa kwenye ndoo, akajitia hamnazo mpaka Joël alipoaga na kuondoka kwa haraka ambayo Bakiri aliiona si ya kawaida.

"Fundi, bitana nzuri hiyo," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Kwa Bahindi, Fordsburg. Ni ya bantu ya kwaya. Banataka mauve, hii zambarau, miye nikabaletea mauve."

"Mabaki yake unayapeleka wapi?"

"Mabaki?" Firmin akacheka kidogo. "Vieux, ni mabaki. Inafungiaka vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu."

Kutoka chumba cha ndani ilikuja harufu ya nyama iliyokaushwa kwa chumvi. Marcelline, mke wa Firmin, alikuwa ametundika vipande kwenye kamba dirishani, vyembamba, vyeusi. Bakiri akauliza ni nyama gani. Marcelline akamtazama mumewe kwanza, ndipo akajibu kwamba ni ya rafiki.

"Jumamosi nilikupigia, Fundi, hukupokea," akasema Bakiri.

"Jumamosi niko na kazi."

"Kazi gani, na cherehani iko hapa?"

"Kazi ya inje ya muji." Firmin alishika suruali akaanza kuitazama upindo. "Hii suruali iko muzuri, Vieux. Unataka nifanye nini?"

Kwa nini mtu afiche kazi yake? Firmin alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya akili: alikuwa na bunduki. Bunduki halali, ina karatasi zake, maana alikuwa na ukaazi wa kudumu na kadi ya chama cha wawindaji. Lakini bunduki ndani ya nyumba ya uani Bertrams si jambo la kutangaza. Wezi wangeifuata siku hiyo hiyo. Hata hivyo Bakiri hayo hakuyajua. Naye pia hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale uani analinda shamba gani, maana mlinzi akishasema anakolinda, marafiki wanazaliwa kama uyoga. Basi hawa wawili walikuwa wanafichana kila mmoja kwa nia njema, na kila mmoja akiona ni akili.

Usiku ule Bakiri alijipangia hesabu yote akiwa amelala chali, na ilimwingia akilini kabisa. Joël amefukuzwa. Joël anataka lango lake. Joël na Firmin ni Wakongo, wanaimba kanisa moja. Firmin anawinda, anapita kwa Mma Masemola, na kila akiua anatundika mguu langoni ili siku moja mwenye shamba aukute, amfukuze Bakiri kama alivyomfukuza mwenzake. Wanamtia mchanga kitumbua chake na huku wanamkunjia suruali. Ilimuuma sana. Firmin alikuwa mtu wa kwanza aliyemsaidia kubeba godoro alipohamia Bertrams, na kuumia kule ndiko kulikomfanya aamini zaidi.

Wiki ya mwisho ya mwezi Mma Masemola alimjia tena langoni. Safari hii alizima injini.

"Jumapili nitaamua habari ya nyumba," akasema. "Nimekuta manyoya na damu tena, kule karibu na chuma. Sitaki kukufukuza, abuti. Lakini sitakaa na mlinzi asiyeona. Niletee mtu."

"Nitakuletea, Mma," akasema Bakiri. Na alipolisema hilo alikuwa tayari na jina.

Jumamosi hakwenda doria. Alitembea mpaka karibu na pembe yenye chuma akajilaza nyuma ya mwamba, upande wa Mma Masemola, koti limefunika kichwa. Baridi ilimpenya mpaka magotini. Saa za kwanza hakuona kitu ila kanga wakipekua vumbi. Kisha bunduki ikalia kule kwenye kitalu cha serikali, mara moja tu, na swala pala dume akaja mbio akichechemea, akaruka nyaya, akapiga hatua chache ndani ya ardhi ya Mma Masemola, akaanguka.

Baada ya kitambo akatokea Firmin. Alivaa kofia ya sufu na buti, na Bakiri ilimshangaza kuona jinsi alivyotembea vizuri, fundi huyu ambaye mjini hutembea ameinama. Firmin alifika kwenye uzio akasimama. Hakuruka. Aliiegemeza bunduki kwenye mti upande wa serikali, akavua kofia, akachuchumaa, akapiga makofi mawili ya polepole akiwa ameielekea ardhi ya mtu mwingine. Ndipo akapita kati ya nyaya. Alipomfikia swala hakumgusa kwanza. Aliinama akatazama amelalia ubavu gani, kisha akapitisha mkono chini, akauvuta mguu wa nyuma uliokuwa umelaliwa, akaufunga nyasi na utepe wa zambarau. Baada ya hapo ndipo alipochomoa kisu.

Bakiri nywele zilimsimama. Akasema moyoni: huu si wizi mtupu, huu ni uganga. Wananifanyia mambo na jina langu limo. Akatoa simu, akampigia Mma Masemola.

Alikuja haraka na gari lake la mizigo, akiwa bado amevaa nguo nzuri maana siku hiyo palikuwa na harusi. Bakiri akatoka mafichoni. Firmin alisikia gari, akainua kichwa, akamwona mwanamke asiyemfahamu, kisha akamwona Bakiri. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Vieux Bakiri! Kumbe ni hapa unatumika? Miaka yote unatuambia kazini, kazini, kumbe uko jirani yangu ya hapa!"

Uso ule haukuwa na njama hata chembe. Bakiri aliutafuta ujanja machoni mwa Firmin na hakuupata, na hapo hapo, amesimama kwenye baridi, ile hesabu yake nzuri ikaporomoka. Firmin hakujua. Miguu ile haikuwa ya kumtega yeye. Ilikuwa ya nini basi?

Mma Masemola hakungoja. Alimwomba Firmin kibali, Firmin akakitoa mfukoni kimekunjwa vizuri. Mama akakisoma chote.

"Kibali hiki ni halali," akasema. "Lakini kinaishia kwenye waya. Mwulize anafanya nini upande wangu."

Kiingereza cha Firmin kilikuwa cha kupimia kiuno na kuahidi Alhamisi. Alianza, "Madam, sorry," akakwama. Akamgeukia Bakiri. "Nisemee, Vieux. Lakini sema yote, usiache kitu."

"Sema."

"Umuambie hivi. Kwetu Mitwaba, nyama ukiipiga huku ikaenda kuanguka ku udongo ya mutu mwingine, hauiache ioze, na hauibe. Unaomba, unaingia, unaangalia imelala upande gani. Upande wa juu ni wa muwindaji. Mguu wa upande wa chini, ule ulilala ku udongo, ni wa mwenye udongo. Unamupelekea ku mulango yake. Maneno hakuna, kwa sababu akiona majani ku mguu anajua: kuna mutu ameingia kwangu, hajifiche, anaomba ruhusa. Kama amekasirika anatuma mutu anamuita, banaongea. Kama ananyamaza, ni kusema amekubali." Firmin alimtazama Mma Masemola akainamisha kichwa kwa adabu. "Miye nilileta mguu mwaka jana. Mwaka huu nimeleta mbili. Hakunitumia mutu hata mara moja. Nikamuambia Marcelline, mama wa hapa ni mutu muzuri sana. Hii ya leo ni yake vilevile."

Bakiri alisikia kila neno. Ule wa mwaka jana aliula Joël, maskini, akidhani ni bahati, na bila shaka aibu ya kufukuzwa ilimzuia kumsimulia hata fundi wake. Hii miwili ilikuwa nyuma ya tangi. Firmin alikuwa ameomba ruhusa mara tatu, na mara tatu walinzi ndio waliomjibu kwa kunyamaza. Akiyatafsiri maneno haya kama yalivyo, Mma Masemola atauliza swali moja tu: miguu yangu iko wapi? Na jibu la swali hilo lilihitaji koleo. Angesema, huyu mtu alinijulisha, na mlinzi wangu akazika. Nyumba ingekwenda, na kazi ingekwenda, na Zabibu yuko Tanga na sanduku lililofungwa, anahesabiwa vijiko.

"Anasema nini?" akauliza Mma Masemola. "Mbona ni marefu hivyo?"

Bakiri alimtazama mama, hakumtazama Firmin.

"Anasema alikuwa anaacha nyama langoni," akasema kwa Kiingereza, haraka, sauti ya chini, "ili aachiwe apite."

"Aachiwe na nani?"

"Mlinzi, Mma."

"Wewe?"

"Sikuichukua, Mma. Sikuigusa kwa mkono. Niliizika nyuma ya tangi. Naweza kukuonyesha hata sasa." Maneno yalimtoka mepesi, na wepesi wake ulimtisha. "Niliogopa kukwambia kabla sijamshika mwenyewe."

Mma Masemola alimtazama kwa muda. Bakiri alikuwa amejizoesha miaka mingi kutazamwa na watu wanaomshuku, na sasa aliona kitu ambacho hakukizoea: mama alikuwa anamwamini.

"Yule wa kwanza aliila," akasema polepole. "Wewe umeizika." Akatikisa kichwa. "Hamia kwenye nyumba Jumatatu, abuti. Mwambie mkeo apande basi. Na huyu mwambie achukue mnyama wake aondoke. Nitakipigia simu chama chake wamfutie kibali. Nikimwona tena upande wangu, ni polisi."

"Anasema nini?" akauliza Firmin.

"Anasema chukua swala wako, usirudi tena. Atawaambia chama."

Firmin akaiweka kofia chini. Kisha akachuchumaa. Aliukata ule mguu wenye utepe kwa mikato michache ya uhakika, akaubeba kwa mikono miwili, akaja kuuweka chini mbele ya viatu vya Mma Masemola, akarudi nyuma hatua mbili bila kumpa mgongo.

"Ananihonga na mimi?" Mma Masemola aliuliza, sauti imepanda. "Mbele ya macho yangu?" Akausukuma mguu kwa ncha ya kiatu, ukabiringika vumbini. "Zika na huu," akamwambia Bakiri, akapanda gari lake akarudi kwenye harusi.

Firmin aliutazama mguu ule. Mikono yake, isiyotulia hata siku moja, ilikuwa imetulia.

"Hata mguu hautake," akasema.

"Watu wa huku hawajui desturi hizo, Fundi."

"Baba yangu amewinda mpaka meno yakaisha, hakuna mutu hata mumoja alimukatalia mguu. Kwetu wakiukataa, ni kusema huyu ni mwizi." Akapumua. "Lakini wewe umenisemea muzuri, Vieux. Nimesikia ulisema maneno mafupi, lakini Kiingereza ni luga ya mafupi. Bila wewe angeita polisi, na bunduki yangu ingekwenda. Aksanti."

Bakiri alimtazama usoni kuona kama ni kejeli. Je, neno la "langoni" alilielewa? Neno la "mlinzi"? Mtu hawezi kukaa Johannesburg miaka yote hiyo asijue hata maneno hayo. Alitazama, akatazama, akaona shukrani tu, na bado hakuamini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijua kwamba tangu leo atakuwa akimtazama Firmin hivi kila watakapokutana, na kwamba hatapata jibu kamwe kwa sababu hatathubutu kuuliza.

Firmin alimbeba swala mabegani akapita kati ya nyaya. Alipofika upande wa serikali akageuka.

"Miye naondoka saa tisa. Gari yangu iko ku barabara, pale karibu na mulango. Nitakungoja, turudi Bertrams pamoja. Marcelline amepika."

"Nina kazi," akasema Bakiri.

"Hakuna mambo. Nitangoja."

Bakiri aliuokota mguu. Hakutumia mfuko wa plastiki, aliushika kwa mikono yake mitupu, akatembea nao mpaka nyuma ya tangi akachukua koleo. Hakuwa na kazi nyingine yoyote. Alichimba shimo, akaliona fupi, akaendelea kuchimba. Saa tisa ikapita, na saa kumi. Kila alipochungulia kupitia pembeni ya tangi aliona gari la Firmin limesimama barabarani, na mlango wa abiria uko wazi.